Malaika 11 wa Mfalme Richard

Katika jumba la sanaa la National Gallery jijini London kuna mchoro mdogo uliochorwa juu ya mbao mbili za mwaloni. Mbao hizo zimeunganishwa kwa bawaba, zinafunguka na kufungwa kama kitabu. Kila ubao una kimo cha sentimita 53 hivi na upana wa 37. Mchoro wenyewe unaitwa Diptiki ya Wilton, kwa jina la nyumba ya kikabaila ulikokaa kwa miaka mingi kabla jumba hilo halijaununua mwaka 1929. Mchoraji hajulikani mpaka leo. Anayejulikana ni mwenye mchoro: Richard wa Pili, mfalme wa Uingereza tangu 1377 hadi alipovuliwa taji mwaka 1399.

Tuanze na kinachoonekana. Upande wa kushoto Richard amepiga magoti, na nyuma yake wamesimama watakatifu watatu. Edmund, mfalme wa East Anglia aliyeuawa na Wadenmaki mwaka 869, ameshika mshale. Edward Muungamaji, mfalme aliyejenga abasia ya Westminster na kufariki mwaka 1066, ameshika pete. Yohana Mbatizaji amempakata mwanakondoo. Upande wa kulia yupo Bikira Maria amembeba Mtoto, naye amezungukwa na malaika 11 waliovaa buluu ya lapis lazuli, jiwe lililochimbwa katika milima ya Afghanistan na kuuzwa Ulaya kwa bei kubwa. Mikono ya mfalme haikufumbatana kwa sala. Viganja viko wazi, kama vya mtu anayesubiri kukabidhiwa kitu, au aliyekwisha kukikabidhi na sasa anangoja jibu.

Kisha vitazame vifua vya malaika. Kila mmoja amevaa beji ya ayala mweupe aliyelala, shingoni ana taji la dhahabu lenye mnyororo. Ni beji ileile aliyoivaa mfalme. Ayala mweupe ilikuwa nembo binafsi ya Richard. Waliopewa kuivaa walikuwa watu wake, waliokula kiapo chake na kulindwa na mkono wake. Mchoraji amewavika sare hiyo malaika wa Mungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchoro ulipokuwa ukisafishwa, wataalamu waligundua jambo ambalo macho ya kawaida hayakuwahi kuliona. Malaika mmoja ameshika bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu, na juu ya mti wa bendera kuna tufe dogo lenye upana wa sentimita moja hivi. Ndani ya tufe hilo kumechorwa kisiwa chenye miti na ngome nyeupe, na mashua baharini. Bahari ilitiwa jani la fedha ambalo limeshachakaa likawa jeusi. Tafsiri inayokubalika na wengi ni kwamba kisiwa hicho ni Uingereza yenyewe, imetolewa kwa Bikira Maria iwe mali yake, na mfalme anarudishiwa aitawale kwa niaba yake. Mwenye milki ni Maria, na Richard ni mwakilishi wake.

Watu wengi wanaoandika kuhusu sanaa ya ikulu za mwisho wa zama za kati hupenda kusema kwamba michoro ya namna hii ilikuwa propaganda: mfalme dhaifu anajipaka dhahabu na utakatifu ili raia wamwogope. Nimesoma maelezo hayo mara nyingi na siyakubali. Propaganda inahitaji watazamaji. Diptiki hii ilikuwa ya kusafiri nayo, ya kufunguliwa mbele ya mtu mmoja anayesali katika kanisa dogo la faragha, kisha kufungwa. Mkulima wa Kent hakuwahi kuiona. Mfanyabiashara wa sufu wa London hakuwahi kuiona. Hata wengi wa makabaila walioamua hatima ya Richard hapana shaka hawakuwahi kuitia machoni. Aliyekuwa akitazamana nayo ni mfalme mwenyewe, pamoja na Mungu wake.

Kwa hiyo swali langu ni jingine. Picha takatifu inamfanyia nini mtawala anayeiamini kwa moyo wote? Nadhani historia ya Richard inajibu: ilimfundisha kwamba haki yake ya kutawala ilikuwa imekwisha kuthibitishwa mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kukata rufaa. Na mtu anayeamini hivyo huacha kuwasikiliza wale ambao, hapa duniani, ndio wanaomshika asianguke.

Ili kumwelewa lazima turudi tarehe 16 Julai 1377. Mtoto wa miaka 10 analetwa katika abasia ya Westminster kutawazwa. Baba yake, Mwanamfalme Edward, shujaa wa vita vya Ufaransa, amefariki mwaka mmoja kabla. Babu yake, Edward wa Tatu, amefariki mwezi uliopita. Ibada ni ndefu mno. Mtoto anavuliwa mavazi, anapakwa mafuta matakatifu mikononi, kifuani, mabegani na kichwani, anavishwa mavazi ya kifalme ya kale yaliyohifadhiwa na watawa. Mwishoni amechoka kabisa. Mwalimu wake, Simon Burley, anambeba mabegani na kupita naye katikati ya umati, na njiani kiatu kimoja kilichobarikiwa kinamdondoka na kupotea.

Kiatu hicho hakikusahauliwa. Mwaka 1390 Richard, sasa kijana wa miaka 23, alipeleka Westminster viatu vipya vya mahameli nyekundu vilivyotariziwa maua kwa lulu na kubarikiwa na Papa Urban wa Sita, vikae pamoja na vifaa vya kutawazia. Miaka 13 ilikuwa imepita. Mimi nikiangalia jambo hilo sioni mtu mjanja anayepanga jinsi ya kuonekana. Naona mtu ambaye kile kilichotendeka juu ya mwili wake akiwa mtoto kilikuwa kweli kuliko chochote kingine maishani, kiasi kwamba pengo la kiatu kimoja lilikuwa deni analopaswa kulilipa. Tena tazama mchoro: Richard alikuwa anakaribia miaka 30 diptiki ilipochorwa, kati ya 1395 na 1399, lakini uso uliochorwa ni wa mvulana asiye na ndevu. Wachambuzi wengine huhesabu malaika 11 na kukumbuka kwamba alitawazwa akiwa katika mwaka wake wa 11. Mfalme mtu mzima alijiona mbele ya Maria akiwa yule mtoto wa siku ya mafuta.

Kuna jambo moja la haki la kumsemea. Imani hiyo iliwahi kumwokoa. Juni 1381, wakulima wa Kent na Essex walipoingia London wakamwua Askofu Mkuu Simon Sudbury, Richard wa miaka 14 alikwenda kwanza kusali kwenye kaburi la Edward Muungamaji pale Westminster, kisha akapanda farasi kwenda Smithfield kuwakabili. Kiongozi wao, Wat Tyler, alipopigwa na kuanguka, kijana aliwasogelea waasi akiwa mbele ya watu wake akawaambia wamfuate yeye, yeye ndiye mkuu wao. Wakamfuata. Waasi hao walikuwa wanamchukia kila mshauri wa mfalme na bado walimheshimu mfalme; walidai kuwa upande wake. Siku hiyo utakatifu wa taji ulifanya kazi kwa sababu watu waliokusanyika uwanjani waliuamini pia. Baadaye ahadi alizowapa zilifutwa na wengi wao wakanyongwa, lakini mtoto alibaki na somo lake: ukisali kwa Muungamaji na kujitokeza, watu watapiga magoti.

Makabaila hawakupiga magoti. Mwaka 1388 kundi la wakubwa watano, wakiongozwa na baba yake mdogo, Duke wa Gloucester, pamoja na makabaila Arundel na Warwick, walilitumia bunge kuwahukumu rafiki zake mmoja baada ya mwingine. Bunge hilo limebaki na jina la Bunge Lisilo na Huruma. Simon Burley, mzee aliyembeba mabegani siku ya kutawazwa, alikatwa kichwa ingawa Malkia Anne, mke wa Richard, alimwombea kwa magoti. Kwa Richard, hiyo ilikuwa zaidi ya siasa. Watu walikuwa wamenyoosha mkono dhidi ya aliyepakwa mafuta na Bwana. Katika Zaburi imeandikwa, "Msiwaguse masihi wangu," na wanateolojia wa enzi ile waliwafundisha wafalme kwamba maneno hayo yanawahusu wao.

Kuanzia hapo dini ya ikulu inazidi kunenepa. Oktoba 1390, kwenye mashindano ya farasi pale Smithfield, beji ya ayala mweupe inagawiwa hadharani kwa mara ya kwanza. Karibu mwaka 1395 Richard anaiunganisha nembo ya kifalme na nembo ya Edward Muungamaji, ubavu kwa ubavu, kana kwamba yeye na mtakatifu aliyefariki zaidi ya miaka 300 nyuma ni mume na mke. Ukumbi wa Westminster unajengwa upya, chini ya paa la mbao la fundi Hugh Herland ambalo hadi leo linawashangaza wahandisi, na sura ya ayala inachongwa mara nyingi kuzunguka kuta. Anne anafariki mwaka 1394, mfalme anaamuru jumba alimofia libomolewe, na mwaka unaofuata anaagiza kaburi la wote wawili lenye sanamu za shaba iliyopakwa dhahabu, wameshikana mikono, hatua chache tu kutoka kwa Muungamaji. Kaburi lake mwenyewe liliagizwa akiwa na miaka 28.

Sasa turudi kwenye beji, maana hapo ndipo mbingu ya Richard inapogongana na barabara za Uingereza. Kwa miaka mingi wabunge wasio makabaila walikuwa wakilalamika kuhusu beji za wakubwa. Mtu akivaa beji ya bwana fulani alimdhulumu jirani yake, akamtisha shahidi, akateka shamba, na hakuna mahakama ya kijijini iliyothubutu kumgusa. Katika bunge la Cambridge la 1388 Richard mwenyewe alijitolea kuacha beji zake ili wengine wafuate mfano. Wakubwa walikataa. Ilikuwa nafasi ya pekee kwa mfalme kusimama upande wa raia wake dhidi ya watesi wao, na nusura aitumie. Miaka miwili baadaye akachagua njia ya pili: akatoa beji yake, kubwa kuliko zote.

Mwaka 1397 beji hiyo ilikuwa vifuani mwa wapiga mishale wa Cheshire, mamia ya vijana waliolilinda jengo la bunge wakati Richard akilipa kisasi cha 1388. Arundel alikatwa kichwa tarehe 21 Septemba. Warwick alifukuzwa. Gloucester aliuawa gerezani Calais. Walinzi hao walimwita mfalme kwa jina la utani la nyumbani, wakimwambia katika lahaja yao alale salama wakati wao wako macho. Walipiga, waliiba, waliua, na malalamiko dhidi yao hayakufika popote. Mwananchi wa Uingereza aliyemwona ayala mweupe mwaka 1398 alijificha. Ayala huyohuyo, katika chumba cha sala cha mfalme, alikuwa kifuani mwa malaika wa Bikira Maria. Sina mfano mwingine wa zama zile unaoonyesha wazi zaidi umbali kati ya alama takatifu anavyoiona mwenyewe na inavyoonekana kwa anayekanyagwa nayo. Wala siamini kwamba Richard aliuona umbali huo.

Waliomzunguka hawakumsaidia. Katika bunge la 1397 spika, John Bushy, alimhutubia kwa sifa ambazo mwandishi wa historia wa monasteri ya St Albans, Thomas Walsingham, alizilalamikia kuwa ni za kumpa Mungu na si binadamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi mwingine wa wakati ule anasimulia kwamba siku za sikukuu mfalme aliketi kwenye kiti kirefu cha enzi tangu baada ya chakula hadi ibada ya jioni, haongei na mtu, anatazama tu. Na yeyote ambaye macho ya mfalme yalimwangukia, hata awe mkubwa kiasi gani, ilimbidi apige goti. Picha ya Richard akiwa ameketi hivyo ipo pia, katika abasia ya Westminster: zaidi ya mita mbili kwenda juu, anakutazama ana kwa ana kama Kristo wa siku ya hukumu anavyochorwa. Hiyo kweli ilikuwa ya kuonwa na watu. Lakini hata hapo mfalme hawaambii watu chochote. Anangoja wainame.

Kilichomwangusha kilikuwa jambo la kawaida kabisa: mirathi. Februari 1399 baba yake mdogo, John wa Gaunt, Duke wa Lancaster, mtu tajiri kuliko wote baada ya mfalme, alifariki. Mwanawe Henry Bolingbroke alikuwa uhamishoni Ufaransa kwa amri ya Richard. Mwezi Machi mfalme alirefusha adhabu hiyo kuwa ya maisha na kuuzuia urithi. Kila mwenye ardhi nchini, mkubwa kwa mdogo, alielewa: ikiwa nyumba ya Lancaster haina uhakika wa kurithi cha baba, mimi nina uhakika gani? Katika mashtaka 33 yaliyosomwa dhidi ya Richard baadaye, moja lilidai aliwahi kusema kwamba sheria zimo kinywani mwake, na wakati mwingine kifuani mwake. Yamkini adui zake walimtilia chumvi. Lakini kesi ya Lancaster iliyafanya maneno hayo yaaminike.

Na katikati ya joto hilo, mfalme alikuwa akitafuta mafuta.

Hadithi ni hii. Ilisemekana kwamba Bikira Maria alimtokea Mtakatifu Thomas Becket akiwa uhamishoni Ufaransa, akampa tai wa dhahabu mwenye kichupa cha mafuta ndani yake, akatabiri kwamba mfalme atakayepakwa mafuta hayo atazirudisha Normandy na Aquitaine bila kumwaga damu. Hadithi yenyewe ilikuwa na historia ndefu kidogo ya kutumiwa. Edward wa Pili, babu mkuu wa Richard, mfalme mwingine aliyeandamwa na makabaila wake, alimwomba Papa Yohane wa 22 mwaka 1318 aruhusu apakwe upya kwa mafuta hayo. Papa alijibu kwa tahadhari: si dhambi, lakini ifanywe kwa siri, na hatatuma kardinali. Ninamwona Papa huyo alikuwa na akili. Mfalme anayeomba kupakwa mafuta mara ya pili anatangaza kwamba anashuku mara ya kwanza haikutosha.

Richard alikiona kichupa hicho alipokuwa akipekua masanduku ya zamani ndani ya ngome ya London, akaomba apakwe upya. Askofu Mkuu alimkatalia: upako wa kwanza umetosha, haurudiwi. Walsingham anasema mfalme alikwenda nacho Ireland, akarudi nacho, na alipokuwa tayari mikononi mwa adui zake huko Chester akakitoa kwa Askofu Mkuu Thomas Arundel, akisema imeonekana si mapenzi ya Mungu kwamba apakwe yeye. Heshima hiyo ni ya mwingine. Thomas Arundel alikuwa ndugu wa yule Arundel aliyekatwa kichwa mwaka 1397. Ndiye aliyekipokea. Na ndiye aliyekitumia.

Henry Bolingbroke alikuwa ametua Ravenspur mapema Julai 1399 akiwa na kikosi kidogo, wakati Richard yuko Ireland. Watu walimmiminikia kwa wingi njiani. Tarehe 30 Septemba, katika ukumbi uleule wa Westminster uliojaa ayala wa kuchongwa, kiti cha enzi kikiwa kitupu, Henry alisimama, akafanya ishara ya msalaba, na kwa Kiingereza cha watu wa kawaida akalidai taji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu: kwa damu ya Henry wa Tatu, kwa haki ambayo Mungu kwa neema yake amemletea kwa msaada wa ndugu na marafiki, na kwa sababu nchi ilikuwa karibu kuangamia kwa kukosa utawala na kuvunjwa kwa sheria njema. Angalia mpangilio wa dai hilo. Mungu yumo. Lakini pamoja naye wamo ndugu, marafiki na sheria.

Walimtawaza tarehe 13 Oktoba, sikukuu ya Edward Muungamaji, mtakatifu wa Richard. Wakampaka mafuta ya Becket. Kila kipande cha dini ambacho Richard alikuwa amejijengea nacho, Henry alikichukua na kukivaa, na kanisa lilelile lilimsomea sala zilezile. Mtakatifu hakupinga, kichupa hakikupasuka.

Huenda msomaji ataniambia: basi alama hizo hazina maana, ni za yeyote mwenye jeshi. Hapana. Ufaransa ya wakati huohuo inakataza jibu jepesi hilo. Charles wa Sita, baba wa mke wa pili wa Richard, alipatwa na wazimu mwaka 1392. Kuna nyakati aliamini mwili wake ni wa kioo na utavunjika akiguswa. Mkufu wa nembo yake, wa maganda ya mbegu, umo pia katika Diptiki ya Wilton, shingoni mwa Richard na mwa malaika. Mfalme huyo asiyejijua alikaa kwenye kiti cha enzi hadi alipofariki mwaka 1422. Hakuna aliyemvua taji. Naye alipakwa mafuta huko Reims, kutoka kichupa ambacho Wafaransa waliamini kilishushwa na njiwa kwa ajili ya Clovis, mfalme wao wa kale. Tofauti ni kwamba wajomba na binamu zake walipata kila walichotaka kwa kumwacha pale: walitawala kwa jina lake, wakagombana kwa jina lake, na kodi zikaingia mifukoni mwao. Utakatifu wake haukutishia mirathi ya mtu. Upako uliheshimiwa na wakubwa ambao maslahi yao yalikuwa salama chini yake. Kwa Richard, maslahi hayo aliyavunja kwa mkono wake mwenyewe, akitegemea kwamba upako peke yake utasimama.

Hata alipokuwa ameshindwa aliutegemea. Tarehe 1 Oktoba hakimu William Thirning alipokwenda kumwambia ngomeni kwamba raia wamejitoa katika utii wake, Richard alijibu, kwa simulizi ya St Albans, kwamba anaweza kuacha utawala, lakini alama zilizotiwa rohoni mwake kwa mafuta matakatifu hawezi kuzivua. Katika teolojia alikuwa na hoja, maana padri aliyepewa daraja hapewi daraja hilo upya wala hafutwi upadri wake. Ninamhurumia hapo kuliko mahali pengine popote. Miezi minne baadaye, Februari 1400, alifariki gerezani Pontefract, na maiti yake ikapitishwa mpaka London uso ukiwa wazi ili watu waone kwamba ni yeye.

Wengi hawakukubali kwamba ni yeye. Uvumi ulienea kwamba Richard yuko hai Scotland, na mwaka 1402 Henry aliwanyonga watawa wa Kifransisko kwa kuueneza. Hapo ndipo inaonekana kwamba raia nao walikuwa na taswira zao takatifu, zisizotoka ikulu na zisizoiomba ikulu ruhusa. Baada ya Arundel kuuawa mwaka 1397, Walondon walisema kichwa chake kimejiunga tena na mwili kaburini. Richard alisumbuliwa na habari hiyo hadi akaamuru kaburi lifukuliwe ili ithibitike kuwa bado vimetengana. Mwandishi Adam wa Usk alikumbuka kiatu cha 1377 na kukisoma kuwa ishara ya wananchi watakaoinuka dhidi ya mfalme. Huyohuyo aliandika kwamba mafuta ya Henry yalimletea chawa kichwani, nywele zikanyonyoka, akakaa miezi kadhaa amefunika kichwa.

Kisha, tarehe 8 Juni 1405, Henry alifanya jambo ambalo Richard hakuwahi kulifanya. Alimkata kichwa askofu mkuu, Richard Scrope wa York, aliyekuwa ameongoza uasi. Mfalme aliugua vibaya mwaka huohuo, na watu hawakuhitaji kuambiwa na padri yeyote sababu yake. Kaburi la Scrope ndani ya kanisa kuu la York likaanza kuvuta mahujaji na miujiza. Serikali ya mfalme aliyepakwa mafuta ya Bikira Maria iliagiza magogo na mawe yarundikwe kuzunguka kaburi hilo ili watu wasilifikie. Nguvu ya alama takatifu ilikuwa imehamia kwa maiti ya mtu aliyeuawa na mfalme, na mfalme hakuwa na silaha ya kuipinga ila mbao za kuzibia njia.

Mwanawe, Henry wa Tano, alikuwa na busara kuliko wote wawili. Alipotwaa taji mwaka 1413 hakutafuta mafuta mapya. Aliwaacha watu wapeleke sadaka zao kwa Scrope, na fedha za sadaka hizo zikasaidia ujenzi wa kanisa la York. Kisha, mwezi Desemba, akaufukua mwili wa Richard kutoka Kings Langley ulikofichwa na baba yake, akauleta Westminster kwa maandamano ya heshima zote za mfalme, akauzika ndani ya lile kaburi la shaba na dhahabu, kando ya Anne, karibu na Edward Muungamaji. Aliacha mishumaa minne iwake pale usiku na mchana.